Mwaka Tuliokwenda Ureno na Mama Simiyu

Jumamosi iliyopita tulimzika Mama Simiyu nyumbani kwake Kanduyi, na kabla hata sufuria za matanga hazijaoshwa nikawasikia wajukuu wake wakicheka nyuma ya jikoni, ati kukhu, nyanya yao, aliwahi kulewa Ulaya akamtemea mzungu mvinyo. Nilitoka na mwiko mkononi nikawasimamia pale pale mpaka kicheko kikawakauka. Hakulewa. Mama Simiyu aliacha pombe siku alipookoka, na aliokoka nikiwa bado sijui kufunga kamba za viatu. Mvinyo alimpulizia mtu, hilo sikatai, maana nilikuwa nimekaa kiti cha pili kutoka kwake. Lakini jambo lenyewe halikuwa la kuchekwa hivyo, au tuseme lilikuwa la kuchekwa na mtu anayelijua lote. Wakaniomba niwasimulie. Nikaanza, na kabla sijafika uwanja wa ndege wawili walikuwa wameshainamia simu zao. Basi nimeamua kuandika. Atakayetaka atasoma, na asiyetaka asinisumbue tena na habari za kukhu mlevi.

Mwaka wenyewe ulikuwa 2005. Nilikuwa na miaka ishirini na minane, mke wa pili wa Mzee Barasa, aliyekuwa na malori ya mahindi na maduka mawili ya mbegu na mbolea, moja Bungoma na jingine Kitale. Jinsi nilivyoolewa sitaeleza. Wanaojua wanajua, na wasiojua hawajakosa kitu. Mama Simiyu, mke mkubwa, alikaa Kanduyi kwenye boma la mume wetu. Mimi nilikaa Kitale, mtaa wa Tuwan, katika nyumba ya vyumba vitatu yenye duka mbele, na ndimi niliyeuza katika duka hilo kuanzia asubuhi hadi jioni, binti yangu Nafula akicheza juu ya magunia. Kwa miaka sita mimi na Mama Simiyu hatukuwahi kuzungumza zaidi ya salamu. Kitale hakuwahi kukanyaga, kwa nilivyojua mimi. Kanduyi nilikwenda Krismasi tu, nikakaa mguu ndani mguu nje, nikanywa chai haraka nikaondoka. Nilimwogopa. Alikuwa mrefu, mkavu wa maneno, na alikuwa na namna ya kukutazama kuanzia kwenye viatu akipanda juu, na akifika usoni anakuwa ameshachoka na wewe.

Mapema mwaka huo kampuni moja ya mbolea ilimchagua Mzee kuwa wakala wake bora, ikamzawadia safari ya watu wawili kwenda Ureno: hoteli zilizokuwa majumba ya kifalme na nyumba za watawa, miji ya kale, treni kando ya mto, na siku kadhaa katika mashamba ya mizabibu. Mzee alikuja Kitale, akafunga mlango wa duka mchana kweupe, akaninong'oneza: "Ni wewe nitaenda na yeye. Lakini funga mdomo." Nilifunga. Nikapata pasipoti kimyakimya, nikanunua koti, nikaanza kujifunza kula kwa kisu na uma pale mezani kwangu, ndizi za kuchemsha na kisu, Nafula akinicheka. Julai, Mzee akaanguka katika duka la Bungoma akibishana na dereva kwenye simu. Presha. Hakufika hospitalini. Nilimlilia kwa machozi ya kweli, na haya nayasema kwa sababu kuna waliodhani nilikuwa namlilia Ulaya.

Siku ya tatu baada ya maziko tulinyolewa nywele, mimi na Mama Simiyu, kama ilivyo desturi, na baada ya hapo wazee wa ukoo wakakaa kuzungumzia mali. Nakumbuka viti vya plastiki vilivyokopwa kanisani, bakuli la njugu lililopita mkono kwa mkono, na baridi kichwani mwangu kitupu. Shemeji Wafula, mdogo wake Mzee, ndiye aliyeanza. "Duka ya Kitale ni ya famiria," akasema. "Na huyu mama bado ni kijana. Mimi niko tayari kumwangalia yeye pamoja na hiyo duka." Alisema kwa upole, kama mtu anayejitolea kubeba mzigo wa mwenzake.  Wazee wakamgeukia Mama Simiyu, maana mume akiondoka bila kuacha neno, neno la mke mkubwa ndilo linalosikizwa: akisema mke mdogo ni wa boma na nyumba yake ni yake, imekwisha, akinyamaza au akiguna, mimi na Nafula tungerudi kwetu na sanduku au tungekuwa wa Wafula. Nilimtazama yule mama ambaye hakuwahi kunitazama vizuri, nikajua nimekwisha.

"Mimi sijasema kitu," akasema Mama Simiyu. "Nitasema tukirudi."

"Mrudi kutoka wapi?" Wafula akauliza.

"Ureno. Barasa aliniambia ni mimi ataenda na yeye, na nilishachukua pasipoti."

"Hata mimi!" Neno lilinitoka lenyewe. "Hata mimi aliniambia hivyo."

Shangazi mmoja mzee akaanza kucheka, akacheka mpaka akashikilia ubavu, na wengine wakamfuata, siku ya tatu ya msiba. Mama Simiyu hakucheka. Alinitazama kuanzia viatu, akapanda, na safari hii akafika usoni akakaa hapo. "Basi tutaenda sisi wawili," akasema. "Siwezi kukuacha hapa nyuma na ufunguo ya duka. Na hakuna mtu atagusa kitu ya Barasa mpaka turudi." Nilijua hanichukui kwa mapenzi. Lakini ilikuwa miezi miwili ya pumzi, na kampuni, kwa aibu ya msiba, ilikubali kubadilisha majina ya tiketi.

Watu walisema, na wacha waseme. Wajane wawili, vipara vinang'aa kwa kuwa tulikuwa bado tunanyoa, wanapanda ndege Septemba na kaburi bado ni udongo mbichi. Mama Simiyu aliwajibu kanisani mara moja tu kwamba aliyetuahidi ni marehemu, na marehemu hakuwa mwongo kwetu isipokuwa kwa hilo moja. Katika ndege alikaa wima, mkoba mapajani, akakataa kila kitu isipokuwa maji. Nilipomuuliza kama anaogopa alisema, "Wewe msichana, kama unaogopa, ogopa pekee yako."

Lisboni tulipokelewa na mwanamke mdogo mchangamfu aitwaye Teresa, ambaye angekuwa nasi mwanzo hadi mwisho, pamoja na gari jeusi lenye viti vya ngozi na dereva mwenye glavu. Hoteli ilikuwa juu ya kilima. Madirishani uliona paa jekundu baada ya paa jekundu mpaka majini, na kuta za ngazi zilikuwa na vigae vya buluu vilivyochorwa watu wakiwinda. Tulipovua vitambaa kichwani kwa ajili ya joto, nikaanza kuona wahudumu wakitutazama kwa huruma. Viti tulisogezewa. Milango tulishikiliwa. Chakula cha jioni, kabla hatujaagiza, mhudumu akatuwekea supu ya moto, akatupapasa mabega. Teresa ndiye aliyeniuliza kwa sauti ya chini, kwa Kiingereza, ni nani kati yetu anaumwa. Walidhani tuna saratani. Nilimweleza habari ya kunyoa, akaziba mdomo kwa aibu, akataka kwenda kuwaambia wahudumu. Mama Simiyu alipotafsiriwa akamshika mkono. "Hapana, mwambie awache. Wacha waniletee hiyo supu." Kisha akaichota, akaitazama, na kwa mara ya kwanza tangu Julai nikamwona uso umefunguka. "Mama Nafula! Hii si ni sukuma?" Ilikuwa sukuma kweli, ile mboga yetu ya kila siku, imekatwa nyembamba sana ndani ya uji wa viazi. Alitaka kwenda jikoni kumsalimu aliyeikata. Hakuwa amewahi kuniita Mama Nafula. Siku zote nilikuwa "ule wa Kitale".

Teresa, kwa nia njema, akauliza kama huyu ni mama yangu. "Anasema nini?" Mama Simiyu akataka kujua. Nikamwambia. "Mwambie hapana," akasema, akarudi kwa supu yake. Ikabidi nieleze ukweli, na Teresa alipoelewa kwamba mume alikuwa mmoja, akanywa glasi yake yote ya maji bila kuiweka chini. Baadaye alikiri kwangu kwamba usiku ule alimpigia simu dada yake. Nilicheka, lakini lile "mwambie hapana" lilikuwa limeniingia. Kila siku ya safari ile niliihesabu kama hatua ya kuelekea kwenye viti vya plastiki vya Kanduyi, na katika kila hatua nilimchungulia uso kuona nimepanda au nimeshuka.

Kutoka Lisboni tulikwenda Evora, mji mdogo mweupe ndani ya ukuta wa kale. Hoteli ilikuwa nyumba ya watawa hapo zamani, na mlango wa chumba ukatufungukia mchana wa saa nane, jua limejaa sakafuni. Hapo ndipo tulipogundua kwamba kampuni ilibadilisha majina ya tiketi ikasahau hoteli. Kitanda kilikuwa kimoja, kipana, kimemwagiwa maua ya waridi, na kadi imeandikwa Bwana na Bibi Barasa. Lisboni tulipewa vyumba viwili kwa sababu ya ule ugonjwa wetu. Hapa hoteli ilikuwa imejaa. Tulisimama kila mtu upande wake wa kitanda. Sikujua nitazame wapi.

"Kwako alikuwa analala upande gani?" Mama Simiyu akauliza ghafla.

"Wa mlangoni."

"Hata kwangu." Akafikiri. "Alikuwa anasema ni ya kulinda nyumba. Na alikuwa anakoroma akiwa amegeukia huko?"

"Kabisa."

"Basi hiyo upande hakuna mtu atalala," akasema, akainua sanduku lake akaliweka pale juu ya maua, na langu juu yake. Tukabanana upande wa ukuta kwa siku tatu, wanawake wawili wazima, na kitanda cha kifalme nusu kimelaliwa na masanduku. Msichana wa kusafisha alizoea kuyakuta pale akawa anayatandikia.

Ilikuwa Evora vilevile ambako Teresa alitupeleka katika kanisa dogo linalojulikana sana kwa wageni, ambalo kuta zake na nguzo zake zimejengwa kwa mifupa ya watu. Mafuvu, mifupa ya mapaja, imepangwa safu kwa safu kwa ustadi mkubwa. Wageni walikuwa wakipiga picha. Sisi tulikuwa na miezi miwili tu tangu tuzike. Mama Simiyu alisimama katikati, akazunguka polepole, mkono umeshika kifua. "Hawa hawana watu wao?" akaniuliza. "Hawana shamba?" Nikamwambia makaburi yalijaa, watawa wakaamua hivyo, ni ukumbusho wa kifo. "Sisi hatuhitaji kukumbushwa," akasema. Kisha, kwa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwake, akauliza: "Barasa tulimzika vizuri?"

"Vizuri, Mama."

"Mimi sikuona. Kulikuwa na watu wengi mbele yangu, na machozi. Sanduku lilishuka sawasawa?"

Nilimweleza. Nilikuwa nimesimama nyuma na wanawake waliokosa viti, lakini pale palikuwa na kijiinuko na niliona yote: kamba nne, vijana wanne, sanduku likishuka sawa bila kuinama. Alinisikiliza akiitikia kwa kichwa, machozi yakimteremka bila kuyafuta, na mimi nikalia naye, na mgeni mmoja mwenye kamera akashusha kamera yake. Tulipotoka nje kwenye mwanga alinunua vikeki vidogo vya mayai, vile ambavyo Wareno huvioka vikaungua kidogo juu, akanigawia viwili akala vitatu. Hadi leo nikila kitu kitamu nikiwa na huzuni huwa sioni ajabu.

Kaskazini, kutoka mji wa Porto, tulipanda treni inayopita ukingoni kabisa mwa mto, na milima ikaanza kuinuka pande zote mbili imekatwa matuta kuanzia majini hadi kileleni, kila tuta lina ukuta wa mawe na mizabibu. Mama Simiyu alibandika paji la uso kwenye kioo. Miji ya kale ilikuwa imemchosha, makanisa yenye dhahabu yalimtia wasiwasi, lakini hili alilijua. Kwao, upande wa mlima Elgon, watu wamelima kwenye miteremko inayofanana na ile. "Nani alibeba haya mawe?" akauliza. "Hii ukuta yote, nani alibeba?" Shamba tulilofikia lilikuwa la mzee mmoja mjane na binti yake, nyumba nyeupe juu ya mto, vyumba vya wageni vyenye shuka zilizonyooka kuliko za hoteli. Ulikuwa wakati wa mavuno. Asubuhi ya kwanza mzee alitutembeza, na nikajikuta namuuliza habari za udongo wake na anaweka mbolea gani na wakati gani, na yeye, aliyekuwa akizungumza na wageni kwa mazoea, akachangamka akanijibu kwa kirefu. Mama Simiyu alinivuta kando. "Hayo yote Barasa alikufundisha?"

"Mimi ndiye nilimfundisha," nikasema, na kabla sijajuta nikaona mdomo wake umepinda kwa kicheko. "Hiyo naweza amini," akasema. "Huyo mtu alikuwa anaweka mbolea ya kupanda kwa mahindi imefika magotini." Tulicheka mpaka yule mzee akataka kutafsiriwa. Niliwaza, pengine. Pengine nimepanda hatua moja.

Basi sasa nafika kwenye mvinyo. Alasiri ile tuliitwa kuuonja, sisi na mume na mke Wajerumani waliokuwa wageni pia, katika chumba chenye ubaridi kando ya mapipa makubwa. Mezani kulikuwa na mkate, jibini, zeituni, glasi zimepangwa, na chombo cha fedha mfano wa ndoo ndogo. Binti wa mzee ndiye aliyetumiminia. Alikuwa mjamzito wa miezi ya mwisho, tumbo liko mbele kabisa, blauzi nyeupe. Wajerumani wakazungusha glasi, wakanusa, wakajaza vinywa, wakasukutua, halafu wakatema kwenye ile ndoo. Mzee naye akafanya hivyo. Mama Simiyu, ambaye alikuwa ameshaniambia kwamba glasi ataishika kwa heshima tu lakini tone halitapita kooni, alikuwa akiwatazama kwa makini.

"Hawamezi?"

"Hawamezi, Mama."

"Wanapuliza?"

"Wanatema tu. Ndio desturi ya kuonja." Lakini alikuwa ameacha kunisikiliza. Nilichokuja kukielewa baadaye ni kwamba baba yake alikuwa mzee wa ukoo, zamani kabla kanisa halijaingia nyumbani kwao, na binti wa boma akikaribia kujifungua, mzee yule alichukua busaa kinywani akampulizia kifuani, puu, mvuke mwembamba wa pombe, ili mtoto aje kwa amani. Mama Simiyu alikuwa ameona hayo akiwa mtoto na hakuyaona tena. Sasa aliona wazee wa nchi nyingine wamejaza vinywa pombe, hawamezi, wanaitoa, na mbele yao amesimama binti mwenye mimba. Kwake kila kitu kilikuwa mahali pake, isipokuwa kwamba hawa watu, kwa kuzubaa, walikuwa wanaipoteza kwenye ndoo. Akainuka. Akajaza mashavu. Akamwendea yule binti kwa hatua za heshima, akainama kidogo, akampulizia.

Blauzi ikawa nyekundu kutoka shingoni hadi kwenye tumbo. Binti alibaki ameinua mikono. Mjerumani akasema kitu kikali kwa lugha yake, mkewe akasimama, Teresa akakimbia na vitambaa vya meza, na yule mzee akaweka glasi chini polepole sana akamtazama Mama Simiyu. Yeye alisimama katikati yao ameridhika, akimtabasamia yule msichana, na hapo ndipo alipoona nyuso. Tabasamu likamtoka. Sijawahi kumwona mtu mzima akipungua hivyo. Yule mama niliyemwogopa miaka sita akanigeukia mimi kwa macho ya kuomba.

Nikaeleza. Nilisimama nikawaambia kwa Kiingereza, Teresa akigeuza kwa Kireno, kwamba kwetu hili si tusi. Nilisema mkubwa wa nyumba hulifanya kwa binti anayemtakia mema, ili azae salama, na halifanywi kwa mtu baki, linafanywa kwa aliyekubaliwa kuwa wa nyumba. Ningekoma hapo. Lakini nikajisikia nikiendelea: "Mimi nimeolewa nyumbani kwake miaka sita. Nilizaa mtoto. Hakuja kuniona, wala kunipa mkono. Ninyi amewajua tangu jana." Teresa alisita, kisha akatafsiri hata hilo. Nililia mbele ya watu wale, na sioni aibu yake sasa.

 Yule mzee Mreno akamwambia binti yake jambo, naye binti akaitazama blauzi yake, akaanza kucheka, akashika mkono wa Mama Simiyu akauweka juu ya tumbo. Mtoto alikuwa anacheza. Mzee akajaza glasi nyingine, akauliza kupitia kwa Teresa kama mama anaweza pia kuwapulizia wafanyakazi walioko shambani, kwa kuwa mavuno ya mwaka ule hayakuwa mazuri. Mama Simiyu alisema mvinyo hawezi tena kuutia kinywani, ameokoka, ile ilikuwa ya dharura. Lakini atawaombea. Akawaombea hapo hapo kwa Kibukusu, kwa kirefu, Wajerumani wameinamisha vichwa.

Tulipobaki wawili kwenye roshani, mto chini yetu na wavunaji wakipandisha vikapu, aliniuliza: "Uliwaambia nini mpaka ukalia?" Ningeweza kudanganya. Nikamwambia yote, neno kwa neno. Alikunja na kukunjua kitambaa chake cha kichwa.

"Nilikuja," akasema.

"Wapi?"

"Kitale. Ulipozaa. Nilibeba kuku, nikabeba na unga ya wimbi ya uji. Barasa hakuwa amenionyesha nyumba, nikauliza watu hapo sokoni, nyumba ya Barasa wa malori ni gani. Wakaniambia, ni ile ya duka, bibi yake amejifungua. Nikasema, bibi yake yupi? Wakashangaa. Ati Barasa ako na bibi mmoja tu, huyo wa duka." Alinyoosha kitambaa juu ya goti. "Kitale yote, hakuna mtu alijua mimi niko. Miaka thelathini nimezalia huyo mtu. Nikarudi na kuku yangu."

 Nilikuwa nimejiona mimi ndiye niliyefichwa, yule anayeitwa Krismasi, anayekaa karibu na mlango. Na kumbe mjini kwangu aliyefichwa alikuwa yeye. "Mama, mimi sikujua," nikasema.

"Najua hukujua. Ndio nakwambia." Akavuta pumzi. "Huyo mtoto wako simjui hata sura vizuri. Anapenda nini?"

Nikamwambia anapenda maziwa mala, na anaogopa bata, na hapendi kuvaa viatu. Tulizungumza habari za Nafula mpaka kengele ya chakula ikalia. Hakuniahidi chochote, na sikuthubutu kuuliza.

Oktoba wazee walikaa tena Kanduyi. Shemeji Wafula alikuwa na shati jipya. Alirudia maneno yake, sasa kwa urefu zaidi, kuhusu famiria na ulinzi na umri wangu. Mama Simiyu alimsikiliza mpaka akamaliza, akamuuliza, "Wewe umemuuliza Mama Nafula kama anataka kuangaliwa?" Wafula akasema mambo ya kimila hayaendi kwa kuulizana na wanawake. "Sawa," akasema Mama Simiyu. "Basi kwa kimila, mimi ndiye mke mkubwa, na nimesema. Nyumba ya Kitale ni ya Mama Nafula, na duka ni ya Mama Nafula. Hiyo duka ni yeye aliisimamisha, Barasa alikuwa anakuja tu kuchukua sifa. Mtu anataka kumwangalia, aende anunue mbolea kwake." Wazee walitazamana, mmoja akakohoa, na ikawa imepita. 

Nilirudi Tuwan nikidhani hapo ndipo mwisho wa mambo yetu: amenitendea haki, na kila mtu atakaa kwake. Hiyo tu ilinitosha. Mahindi yalipoanza kukauka mashambani, na kwenye kishamba nilichokodi nje ya mji, Ijumaa moja mchana, nikiwa nampimia mteja dawa ya kuhifadhi nafaka, mwanamke mrefu akaingia dukani na mkoba mkubwa. Hakusalimu kwa kirefu. Alipita kaunta, akapita mapazia, akaingia nyumbani, nami nikamwacha mteja na dawa yake nikamfuata. Alitazama sebule. Alichungulia jikoni akafunika sufuria iliyokuwa wazi. Akasimama kwenye korido mbele ya milango miwili ya vyumba vya kulala, mkoba bado mkononi, nywele zake fupi zimeanza kuota kijivu.

"Nimekuja kuvuna," akasema. "Nitakaa mpaka yaingie stoo. Chumba yangu ni gani?"

 Nafula, aliyekuwa amejificha nyuma yangu peku, ndiye aliyetokeza, akamshika kidole, akamvuta kuelekea mlango wa pili.

"Ni hii yangu," akamwambia.